SAFARI YA PEKE YAKO SIYO HARAMU. SAFARI YA SIRI NDIYO MSIBA



Alhamdulillah, rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na maswahaba zake. Ama baad.

Wiki hii kijana mmoja wa Tanga amenitumia ujumbe inboksi. Ana miaka 24, ana kazi, hajaoa. Amedunduliza miaka mitatu na sasa anataka kuizunguka Oman mwezi mzima, yeye na begi lake tu: Muscat, Nizwa, Sur, amalizie Salalah. Hajawahi kutoka nje ya nchi. Swali lake lilikuwa fupi: "Ustadh, ni halali?"

Nikamuuliza: nyumbani nani anajua?

Akanijibu maneno ambayo nimeshayasoma kwenye stetasi zenu mara mia: "Hakuna, ustadh. Watu wana husda. Nitapost nikishafika."

Ndugu yangu, posti hii ni ndefu. Kama huna muda sasa ihifadhi uisome baada ya Isha, lakini usiisome nusu ukaondoka na nusu ya hukumu.

Nianze na wale waliomtangulia kumjibu. Kijana huyu aliniambia kuwa msikitini kwao ameshaambiwa kuwa safari ya mtu peke yake ni haramu moja kwa moja, basi, funga mjadala. Dalili wanayoitoa ni sahihi. Mtume (s.a.w) amesema, kwa maana yake, kwamba lau watu wangejua anachokijua yeye kuhusu upweke, hakuna mpanda kipando ambaye angetembea usiku peke yake. Hiyo iko kwa Bukhari. Na iko nyingine kwa Abu Daud na Tirmidhi, kwamba mpanda kipando mmoja ni shetani, wawili ni mashetani wawili, na watatu ndio msafara. Hatuzikwepi hadithi hizi wala hatuzipindishi.

Lakini soma mlango mzima kabla hujampiga mtu na haramu! Imam Bukhari alipoweka mlango wa kutembea peke yako, ndani yake aliweka pia habari ya Zubayr bin al-Awwam (r.a) siku ya Khandaq. Mtume (s.a.w) alitaka mtu wa kumletea habari za maadui, Zubayr akajitolea, akaenda peke yake. Imam Tabari akaeleza kuwa katazo hili ni la adabu na maelekezo, kwa kuhofia upweke na yale yanayompata mtu aliye peke yake, siyo la uharamu. Na Imam al-Khattabi, mwanachuoni wa karne ya nne Hijria, akataja sababu ambayo nataka uishike mpaka mwisho wa posti hii: mtu aliye peke yake safarini akifa, hana wa kumwosha, hana wa kumzika, hana wa kumuusia mali yake, na hana wa kupeleka urithi wake na habari zake kwa watu wake.

Umeiona sababu? Khofu ni kwamba ukianguka hakuna atakayejua. Na sasa mtazame tena Zubayr. Alikwenda peke yake, naam, lakini aliyemtuma alikuwa anajua amekwenda wapi, kwa kazi gani, na alikuwa anamsubiri arudi. Hayo ndiyo unayoyatupa wewe kwa mkono wako, kisha unauliza kama safari ni halali.

Sasa tuje kwenye husda.

Husda ipo, jicho lipo, hatukanushi, na anayekanusha ana kesi na hadithi sahihi. Lakini tangu lini dawa ya jicho imekuwa kumficha mama yako unakokwenda? Mnatuletea ile hadithi ya kutaka msaada wa haja zenu kwa kuzificha. Wanachuoni wa hadithi wameizungumza isnadi yake na wako walioidhoofisha. Na hata ukiichukua, kuwaficha watu ovyo ni jambo moja, kumficha anayekujali ni jambo jingine. Mnatuletea pia kisa cha Nabii Yaaqub (a.s) alipomwambia Yusuf asiwasimulie ndugu zake ndoto yake. Vizuri sana. Lakini Yusuf alikuwa ameshamsimulia nani kabla ya hapo? Baba yake! Endelea kuisoma sura hiyohiyo, ufike pale Yaaqub alipowatuma wanawe Misri. Aliwaambia wasiingie kwa mlango mmoja, waingie kwa milango mbalimbali, na wafasiri wengi wamesema alihofia jicho. Huyo ni mzazi anayelijua jicho kuliko wewe na stetasi yako, na bado alijua wanakwenda wapi, alijua wanafuata nini, na kabla ya kumtoa mtoto wake mdogo alichukua ahadi nzito kwao kwamba watamrudisha. Kujikinga na jicho na kuwajulisha wazazi vimekaa nyumba moja, havijagombana.

Mkishindwa hapo mnamkimbilia Ibn Battuta. "Ustadh, mbona Ibn Battuta alisafiri peke yake?" Nampenda mzee huyu, amefika mpaka kwetu, Mombasa na Kilwa, mwaka 1331. Ila naona wengi mnamjua kwa picha zenye maneno, hamjamsoma.

Ni kweli aliondoka Tangier mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21, hana mwenza. Lakini haikupita muda akajiunga na watu njiani, kisha na msafara wa wafanyabiashara. Homa ikamkamata huko huko Afrika ya Kaskazini, na udhaifu ulipomzidi akajifunga kwenye tandiko kwa kilemba chake asije akaanguka. Alipoingia Tunis watu wakaja kuwapokea jamaa zao, huyu anamkumbatia huyu, yeye hakuna hata mmoja aliyemjua, akalia machozi mpaka msafiri mwenzake mmoja alipomwona akaja kumliwaza. Hayo ndiyo mafunzo ya upweke, na ameyaandika mwenyewe bila haya.

Na kisa kinachonihusu zaidi leo kimetokea hukohuko Oman unakotaka kwenda. Jahazi lake lilitia nanga Sur. Kutoka pale akauona mji wa Qalhat, akadhani uko karibu, akasema nitakwenda kwa miguu. Mizigo akaiacha na wenzake chomboni, akaondoka na mwenza mmoja kutoka India na baharia mmoja waliyemkodi awaonyeshe njia. Yule baharia alikuwa na nia mbaya. Akawapeleka kwenye mkono wa bahari, akataka avuke na nguo zao, na kumbe palipokuwa na kivuko salama ni mbele zaidi. Ibn Battuta akatambua kuwa mtu huyu anataka wazame aondoke na nguo. Kuanzia hapo akawa na tahadhari, mkuki mkononi. Kiu ikawashika kwenye uwanda usio na maji mpaka Mwenyezi Mungu alipowaletea mpanda farasi na watu wake, wakawapa maji. Mji uliokuwa "karibu" ukawa na makorongo katikati. Usiku wenzake wamelala, yeye macho wazi na mkuki wake. Alipoingia Qalhat miguu imevimba, damu inakaribia kutoka chini ya kucha, na akakaa siku sita nyumbani kwa gavana hawezi kusimama.

Huyo ni bingwa wa safari, ameshazunguka miaka sita wakati huo! Kosa lake moja tu: aliupima umbali kwa macho na akamwamini wa kwanza aliyejitokeza. Wewe unaupima kwa video ya dakika moja.

Nitakwambia na yangu, maana siyo haki kusimulia makosa ya Ibn Battuta nikaficha ya kwangu. Mimi pia nilikwenda Oman peke yangu, nikiwa na miaka 26. Mama nilimwambia nakwenda Arusha kwenye semina. Hoja yangu ilikuwa hiyohiyo yenu, mama ana wasiwasi, na mama akijua mtaa mzima utajua. Siku ya nne nikiwa Nizwa nikashikwa na homa. Nikaifanya mafua ya baridi ya kiyoyozi, nikafunga mlango wa chumba nikalala. Laini ya simu ya kule sikuwa nimenunua, nilikuwa nabania pesa, nategemea intaneti ya mapokezi. Siku mbili sikutoka. Aliyebisha mlango alikuwa mfanyakazi wa usafi, kijana wa Bangladesh, Mwenyezi Mungu amlipe, aliyeona taulo hazijatolewa. Hatukuwa na lugha ya pamoja zaidi ya salamu. Akaita gari. Hospitali daktari akaniuliza swali la kwanza: unatoka nchi gani? Nikamjibu, akaagiza kipimo, na malaria ikaonekana. Niliitoa kwetu ndani ya damu yangu. (Hili lishike kwa lolote lile: ukitoka kwetu ukapata homa ugenini, mwambie daktari mapema kuwa unatoka kwenye malaria, hata hajakuuliza.)

Mama alikuja kujua nilikuwa wapi baada ya siku kumi na moja, tena kwa mdomo wangu, nikiwa nimepungua mpaka shati linaning'inia. Hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Ungekufa, mwanangu, mimi ningekusubiri mpaka lini?"

Wallahi sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Na swali hilo siyo la mama tu, ni la fiqhi. Vitabu vyetu vina mlango wa al-mafquud, mtu aliyepotea asijulikane kama yuko hai au amekufa. Mali yake hairithiwi mpaka kifo chake kithibiti au kadhi ahukumu. Kama ana mke, mke yule ananing'inia. Kauli ya Umar (r.a) aliyoichukua Imam Malik ni kuwa asubiri miaka minne kisha akae eda. Katika kauli mpya ya Imam Shafi'i, na sisi wa pwani ndio madhehebu yetu, asubiri mpaka ipatikane yakini. Fikiria wewe mwenye mke na watoto wawili, unaondoka "kimya kimya" kwa sababu ya husda ya jirani.

Kwa hiyo kijana wangu wa Tanga, nimekujibu: siyo haramu. Lakini kabla hujakata tiketi, kaa na daftari. Kupanga huko ndiko kunakojibu sababu aliyoitaja al-Khattabi, na ndiko tawakkul yenyewe ilipo. Usiniambie "nimetawakali, mengine hukohuko". Ibn Abbas (r.a) ametusimulia habari za watu wa Yemen waliokuwa wakienda hija bila masurufu, wakisema sisi ni watu wa kumtegemea Mungu, na wakifika Makka wanaanza kuwaomba watu. Ndipo ikateremka amri ya kuchukua masurufu. Qur'ani haikuwasifu kwa tawakkul ile!

Na sisi tunao watu wa Yemen wetu. Ni wale wanaosema "hoteli ya nini, nina shangazi Muscat". Kweli Muscat utasikia Kiswahili sokoni na msikitini, jamaa zetu wenye asili ya Zanzibar wamejaa, na ukarimu wao unajulikana. Sasa ndiyo uwabebeshe mwezi mzima? Mtume (s.a.w) ameweka haki ya mgeni kuwa siku tatu, yanayozidi ni sadaka, na amekataza mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji dhiki. Nenda kwa shangazi siku tatu, mpelekee zawadi, kula wali wake, kisha ondoka ukiwa bado unapendwa.

Masurufu yahesabu kwa pesa ya kule. Rial moja ya Oman ni takriban dola 2.6, na imegawanywa baisa 1,000, kwa hiyo ukiona bei ya "mbili na nusu" usiicheke, geuza kwanza kwa shilingi. Tenga pesa ya kurudia, uiweke mahali ambapo hata njaa haitaigusa. Viza soma mwenyewe, masharti ya paspoti yako na idadi ya siku zako, usimsikilize wakala anayesema "siku zikipita tutarekebisha". Faini inahesabiwa kwa kila siku unayozidisha, na viza ya matembezi siyo ya kazi. Vijana wetu wameingia matatani kwa kuchanganya hayo mawili.

Nchi yenyewe ni kubwa kuliko unavyoiwazia. Muscat mpaka Salalah ni kama kilomita 1,000, na sehemu kubwa ni jangwa tupu. Basi linachukua mchana mzima au usiku mzima. Usikodi gari ukaendesha njia ile peke yako kwenye safari yako ya kwanza, panda basi na watu. Salalah kuwa kijani ni kati ya mwisho wa Juni na Septemba, na miezi hiyohiyo Muscat joto linapita nyuzi 40, kwa hiyo huwezi kupanga kutembea kwa miguu pande zote mbili kwa mwezi mmoja wa kiangazi. Chagua. Kama ni Nizwa, Sur na milima, nenda miezi ya baridi, na Nizwa lala usiku wa kuamkia Ijumaa uuone mnada wa mbuzi asubuhi. Jabal Akhdar askari hawakupandishi bila gari la kuvuta magurudumu yote manne.

Na makorongo. Hapa naomba unisikilize, kwa sababu picha zote mnazonitumia ni za makorongo, Wadi Shab na mengine kama hilo, maji ya kijani na kijana anaogelea peke yake. Korongo lile ni tulivu leo, na mvua ikinyesha milimani mbali, juu yako mbingu ni nyeupe, maji yanakuja kama ukuta. Aprili 2024 mafuriko hayo yaliua watu Oman, wakiwemo watoto wa shule. Kati ya hao wamo wenyeji, waliozaliwa humo. Wewe mgeni, usiingie korongo peke yako, uliza utabiri wa siku ile, ingia na watu, na dereva akikwambia leo hapana, basi ni hapana.

Sala nayo inapangwa, wala siyo jambo la kufika ukaanza kubahatisha. Kwa madhehebu yetu ukinuia kukaa mji mmoja siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, unasali kamili tangu unapofika, na chini ya hapo unapunguza. Ratiba yako ikiwa kwenye karatasi utajua Nizwa usiku mbili unapunguza, Muscat wiki nzima husalimiki, kamili. Ndugu zetu wa Kiibadhi wao msafiri anapunguza madamu hajaifanya nchi ile kuwa makazi yake. Utawaona wanasali tofauti kidogo na wewe. Sali nyuma yao ukae kimya, hukwenda Oman kufungua mjadala kwenye msikiti wa watu. Na ukiangukia Ramadhani, ruhusa ya msafiri kula unayo, lakini kula hadharani mchana kule ni kosa la kisheria, basi kula chumbani.

Sasa ile karatasi. Andika moja, toa nakala tatu. Andika ndege yako na tarehe, utalala wapi kila usiku na namba ya simu ya pale, namba ya paspoti, bima yako ya safari, dawa unazotumia, madeni unayodaiwa na unayodai, na wasia wako, maana Muislamu mwenye cha kuusia amekatazwa kulala hata siku mbili bila kuandika. Deni linaloweza kulipwa lilipe kabla ya tiketi. Ukimwona mwenye deni lako anaangalia picha zako za Muscat, hapo usilalamike husda! Nakala moja apewe mzazi, ya pili apewe rafiki mmoja mwenye akili timamu na simu inayopokelewa, ya tatu ibaki begini kwako. Nunua laini ya simu uwanja wa ndege kabla hujanunua chochote. Namba ya dharura ya Oman ni 9999, na ya ubalozi wako Muscat iandike juu kabisa. Kisha wekeaneni ahadi: kila siku baada ya Isha unatuma neno moja, "nipo Sur, salama". Wao wametutangulia saa moja, kumbuka hilo. Isha mbili zikipita kimya, yule rafiki anapiga nyumba ya wageni, kisha ubalozi, bila kuona aibu na bila kusubiri kesho.

Mbele ya watu wengine wote nyamaza, ukipenda. Usiposti mpaka urudi, mimi mwenyewe nakuunga mkono. Soma adhkari zako asubuhi na jioni, hiyo ndiyo kinga ya jicho tuliyofundishwa. Lakini uende kwa mama yako, umwage, akuombee, mpeane dua ya kuagana kama walivyokuwa wakiagana maswahaba.

Dada zangu, najua mnasoma na mnauliza, na sisi je? Jumhuri ya wanachuoni wanamtaka mwanamke awe na maharimu safarini, na wako waliolegeza kwenye msafara wa amani kwa hija ya faradhi. Suala lenu lina posti yake na nitaiandika wiki ijayo insha'Allah. Lakini nina neno kwa wanaume wenzangu leo. Yule mnayemkatalia asiende hata Zanzibar kutembea na kaka yake, ndiye mnayempandisha ndege peke yake kwenda kufanya kazi za ndani Ghuba, kwa mkataba ambao hamkuusoma, nyumba ambayo hamwijui, na paspoti yake hamjui iko mikononi mwa nani. Hapo hadithi ya maharimu inakwenda wapi? Mbona hiyo siyo haramu, au kwa sababu inaleta pesa nyumbani?

Kijana wa Tanga ameniandikia tena jana usiku. Amemwambia mama yake. Mama kalia kidogo, kisha kauliza kama Oman wanauza karafuu, anataka kumfungia za kumpelekea shangazi. Karatasi nimemwambia anitumie niikague, mpaka sasa ameleta ukurasa mmoja na wasia haumo. Nasubiri.

Wallahu a'alam.